Sewa Haji: Mfanyabiashara wa Bagamoyo Aliyeujenga Mji Wake

Mwana-Madaba aliyewahi kumpeleka mgonjwa Muhimbili anayajua majengo ya wodi kwa majina: Mwaisela, Kibasila, Sewahaji. Wengi tumelala kwenye mabenchi ya nje ya majengo hayo tukimngoja ndugu. Lakini ni wachache waliowahi kuuliza Sewahaji alikuwa nani. Wapo wanaodhani ni jina la mahali, na wapo wanaodhani alikuwa daktari. Sewa Haji Paroo hakuwa daktari. Alikuwa muuza duka katika mji mdogo uliokuwa ukiishi kwa wapita njia. Kwa kuwa harambee yetu ya mwaka huu inahusu mtaa wetu wa maduka na soko letu, tumeona maisha yake yasimuliwe katika kitabu hiki.

Sewa Haji alizaliwa mwaka 1851. Jamaa zake walikuwa Waismailia kutoka Kutch, magharibi mwa India. Walivuka bahari kuja Zanzibar, kisha wakafungua duka ng'ambo, Bagamoyo, na kijana huyo akakulia nyuma ya kaunta. Bagamoyo ya siku zile ndiyo iliyokuwa mwisho wa njia kuu kutoka Ujiji na Tabora. Kila msimu wapagazi walifika kwa makumi ya maelfu, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kilo thelathini hivi begani. Walishuka na pembe za ndovu, wakapanda na vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na waya wa shaba. Msafara haukuondoka siku ile ile. Ulikaa majuma, wakati mwingine miezi, mpaka bidhaa zipatikane na wapagazi watimie. Kwa siku zote hizo watu wale walikula, walilala, walinunua na kukopa. Maduka na nyumba za mawe za mtaa wa Wahindi wa Bagamoyo zilijengwa kwa siku hizo za kungoja.

Hapo ndipo Sewa Haji alipoona kazi ya kufanya. Muuza duka wa kawaida alikaa akingoja mteja aje na shida yake. Sewa Haji aliishughulikia shida yote ya msafiri tangu mwanzo hadi mwisho. Mgeni aliyetaka kwenda bara alihitaji wapagazi, vitambaa vya aina inayokubalika huko aendako, chakula, na mtu wa kumkopesha mpaka atakaporudi. Vyote hivyo Sewa Haji aliviweka mahali pamoja. Aliwaandikisha wapagazi, akafunga mizigo, akatoa bidhaa kwa mkopo, na msafara uliporudi akanunua pembe zilizoletwa. Wafanyabiashara, wamisionari na wapelelezi wa Kizungu walipita mikononi mwake, na baadaye hata serikali ya Wajerumani ilimtegemea kupata wapagazi.

Hatutaki kumsimulia kama malaika. Mwaka 1871, Henry Morton Stanley alifika Bagamoyo akijiandaa kwenda kumtafuta Livingstone. Aliyempatia wapagazi ni kijana huyu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kama ishirini tu. Katika kitabu alichokiandika baadaye, Stanley alimlalamikia sana kwamba alimpunja kwenye hesabu. Tukumbuke pia biashara yenyewe ilivyokuwa. Pembe zile zilitoka kwa tembo waliouawa bila kipimo, na njia zile zile zilipitisha watu waliouzwa utumwani. Mpagazi alibeba mzigo mzito kwa ujira mdogo, na wengine walifia njiani. Mali ya Bagamoyo ilipatikana kwa jasho na damu za watu wa bara, wakiwamo watu wa kusini kwetu. Anayesoma maisha ya Sewa Haji ayasome akiwa na hayo moyoni.

Mwaka 1888 yakaja mabaya mengine. Wajerumani walipotaka kutwaa pwani, watu wakaongozwa na Abushiri bin Salim kupigana nao. Bagamoyo ikapigwa mizinga kutoka baharini, nyumba zikaungua, na maelfu ya watu wakakimbilia misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Biashara ikasimama. Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889, na vita vilipotulia wenye maduka wakarudi kwenye mtaa uliojaa majivu. Wengi wangeweza kubaki Zanzibar palipo salama. Sewa Haji alirudi kwenye biashara yake ya misafara, na miaka michache iliyofuata ndiyo iliyomwachia jina.

Katika miaka hiyo ya 1890 alianza kuirudisha faida yake kwa watu waliomtajirisha. Alitoa fedha ijengwe hospitali Dar es Salaam, na kusudi lake lilikuwa watibiwe Waafrika na Waasia. Tuelewe uzito wa jambo hilo. Wakati huo huo Wajerumani walikuwa wakijenga hospitali nzuri ufukweni, ile tunayoiita Ocean Road, kwa ajili ya Wazungu. Mpagazi aliyeugua, au mwanamke wa Kiswahili aliyeshindwa kujifungua, hakuwa na mahali. Fedha za duka la Bagamoyo ndizo zilizompatia mahali hapo. Hospitali ya Sewa Haji iliwahudumia watu wa Dar es Salaam kwa miongo mingi, mpaka mwaka 1956 hospitali mpya ilipopewa jina la Princess Margaret. Baada ya Uhuru ndiyo ikaitwa Muhimbili. Jina la muuza duka likabaki kwenye wodi.

Bagamoyo kwenyewe hakuisahau. Mwaka 1896 alitoa nyumba yake ya mawe ya ghorofa, iliyokuwa katika mtaa ule ule wa maduka, akaikabidhi serikali iwe shule. Lakini aliweka sharti: shule hiyo ipokee watoto wa rangi zote na dini zote. Mtoto wa Mwafrika akae na mtoto wa Mhindi na wa Mwarabu. Serikali ya kikoloni ililazimika kulikubali sharti hilo ili ipate nyumba. Angeweza kutoa kimya kimya, wao wakaitumia watakavyo. Aliona kwamba mtoaji ana haki ya kusema kilichotolewa ni cha nani.

Sewa Haji alifariki Zanzibar tarehe 10 Februari 1897, akiwa na umri wa miaka 46. Hata katika mipango ya mwisho ya mali zake aliwafikiria wagonjwa na maskini.

Yuko mtu mwingine anayeingia katika habari hii. Allidina Visram alitoka Kutch akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili hivi, hana kitu, akaja Bagamoyo kufanya kazi katika biashara ya Sewa Haji. Alijifunzia kazi humo dukani, kuandika daftari la mikopo, kupanga mizigo na kumjua mteja, kisha akaanza biashara yake. Sewa Haji alipofariki, Allidina aliichukua kazi ya misafara. Reli ilipojengwa kutoka Mombasa kwenda Kisumu, kati ya 1896 na 1901, aliifuata akifungua duka baada ya duka, hadi Uganda. Alipokufa mwaka 1916 alikuwa na maduka zaidi ya mia moja, yaliyotapakaa katika miji mingi ya Kenya na Uganda. Kwa hiyo duka la Bagamoyo lilizaa hospitali, shule, na mfanyabiashara mkubwa kuliko mwenyewe.

Sasa tutazame yaliyoupata mtaa wenyewe. Mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao makuu kwenda Dar es Salaam, kwa sababu bandari yake ina kina. Mwaka 1905 wakaanza kujenga reli ya kati, nayo ikaanzia Dar es Salaam. Ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Pembe, nta na ngozi zikapanda behewa. Mpagazi hakuhitajika tena, na asipokuwapo mpagazi, hakuna wa kungoja majuma Bagamoyo, hakuna wa kula wala wa kukopa. Nyumba za mawe zikafungwa moja moja. Milango ya nakshi ikaoza, mizizi ya miti ikaingia kwenye kuta. Mtaa uliokuwa na kelele mchana na usiku ukanyamaza. Mji haukufa kwa vita ya 1888, kwa maana ulijengwa tena. Uliangushwa na mabadiliko ya njia, kwa sababu karibu kila kitu chake kilitegemea wapita njia peke yao.

Ndugu zangu, na sisi tunaishi barabarani. Lami ya Makambako kwenda Songea imepita mlangoni kwetu, na mabasi na malori yanapita usiku na mchana. Msafiri anashuka dakika kumi, ananunua mahindi ya kuchoma, anauliza choo, anapanda. Kama hakuna choo safi, maji ya kunawa na mahali pa kukaa, dereva ataizoea stendi nyingine, na abiria wake wote watakwenda naye. Hilo ni la kwanza tunalojifunza kwa Sewa Haji. Mtaa wa biashara hujengwa na anayefikiria shida ya mgeni kabla mgeni hajaisema.

La pili tunajifunza kwa anguko la Bagamoyo. Tusiwategemee wapita njia tu. Mtaa wenye uhai unauza kwanza kwa wenyeji, na unauza kilichotengenezwa hapo hapo. Mbao za Wino zinapita kwetu zikiwa mbao, na kitanda kinarudi kutoka mjini kikiwa na bei ya mjini. Mahindi yanaondoka yakiwa magunia, unga unarudi kwenye mifuko yenye majina ya wengine. Seremala, msaga unga, fundi cherehani na mama lishe wakipata vibanda imara, umeme na mitaro isiyofurika masika, njia hata ikihama, mtaa utabaki na kazi.

La tatu ni sharti. Tukichanga, tuseme wazi soko ni la nani. Vizimba visiishie kwa wenye fedha wanaovipangisha kwa bei ya juu. Mama anayeuza nyanya kwenye kiroba na kijana anayeanza na katoni moja ya sabuni wawe na nafasi yao kwa maandishi, kama Sewa Haji alivyowaandikia nafasi watoto waliokuwa hawahesabiwi. Pengine katika kibanda kimojawapo amekaa Allidina wetu, anajifunza kuandika daftari.

Kipo tunachomzidi Sewa Haji. Yeye alikuwa tajiri mmoja, na alipokufa hakukuwa na wa kuendeleza mtaa. Huku kwetu watu wamewahi kujenga bila tajiri. Wazee wa Matetereka, kijiji kimojawapo cha Chama cha Maendeleo Ruvuma kilichovunjwa mwaka 1969, walilima pamoja, wakaweka akiba pamoja, na waliendelea kushikamana hata baada ya chama kuvunjwa. Hawakumngoja mtu wa kuja na mfuko wa rupia. Nasi tuko wengi: Songea, Njombe, Makambako, Dar es Salaam na ng'ambo.

Fomu ya ahadi imo ukurasa wa mwisho wa kitabu hiki. Andika jina lako, kiasi utakachotoa na tarehe utakayotoa. Aliye na saruji atoe saruji, aliye na mbao atoe mbao, na fundi atoe siku zake. Mkipita Muhimbili na kuliona jina lile ukutani, kumbukeni lilianzia dukani, katika mji mdogo wa barabarani kama wetu.