Habari za Daktari Williamson wa Mwadui na Madeni Yake

Wasomaji wetu wa Shinyanga na wa Geita hawana haja ya kuambiwa Mwadui iko wapi. Mtu akitoka Kolandoto akashika njia ya Mwanza, hana mwendo mrefu kufika Maganzo, na hapo ataziona chungu za mchanga uliooshwa zimeinuka mbele yake kama vilima. Mwenye kulifungua shimo lile alikuwa Daktari John Thoburn Williamson. Hakuwa daktari wa dawa, kama wale walioponya wagonjwa katika hospitali ya Kolandoto. Cheo chake kilikuwa cha elimu ya mawe. Habari za utajiri wake zimesimuliwa sana, tena kwa kutiwa chumvi. Sisi twataka kuandika zaidi juu ya miaka iliyoutangulia utajiri huo, alipokuwa mtu wa madeni, asiye na mshahara, naye hajui siku ya kupata itakuwa lini.

Alizaliwa tarehe 10 Februari 1907, katika kijiji cha Montfort, jimbo la Quebec, nchi ya Kanada. Alipoingia chuo kikuu cha McGill nia yake ilikuwa kusoma sheria. Lakini wakati wa likizo alisafiri na mwalimu wake mpaka Labrador, nchi ya baridi na miamba mitupu, na aliporudi hakutaka sheria tena. Akasoma habari za mawe, akapewa shahada ya kwanza mwaka 1928, na shahada ya udaktari mwaka 1933.

Mwaka ule haukuwa mwaka mwema wa kutafuta kazi. Biashara ya ulimwengu mzima ilikuwa imeanguka, na watu wa Ulaya na Marekani waliokosa mkate hawakununua vito. Kampuni ya De Beers ya Afrika Kusini, iliyokuwa kubwa kuliko zote katika biashara ya almasi, ilifunga migodi yake mwaka 1932. Hata hivyo Williamson alivuka bahari. Akapata kazi Rhodesia ya Kaskazini, nchi iitwayo Zambia tangu 1964, akachunguza mawe kwa ajili ya kampuni moja kubwa. Kisha akaja Tanganyika, akaajiriwa na kampuni ya almasi na dhahabu iliyochimba Mabuki, kati ya Shinyanga na Mwanza. Almasi za Mabuki zilikuwapo kweli, lakini zilikuwa chache. Kampuni ikachoka, ikaacha kazi. Basi Williamson akabaki porini, ameachwa na tajiri wake, na mshahara umekatika.

Watu wengi wangalifunga mizigo. Yeye alifanya jambo ambalo wenzake waliliona kuwa wazimu: aliuchukua mgodi ule wa Mabuki uliokwisha kukataliwa, akaufanya wake. Alikuwa na hesabu yake. Almasi ndogo ndogo za Mabuki hazikutosha kumtajirisha mtu, lakini zikiuzwa zingeweza kulisha kambi kwa siku kadha wa kadha huku akiendelea kutafuta. Aliamini ya kuwa almasi zilizotapakaa katika mchanga wa Usukuma zilitoka mahali pamoja, kwenye mwamba uliopanda kutoka chini ya ardhi zamani za kale kama moshi katika bomba. Kuupata mwamba huo ndiko kulikuwa siku ya mshahara wake. Lakini kalenda haikuiandika siku hiyo.

Hapa twaomba msomaji asimame kidogo, maana ndipo penye kiini cha habari hii. Mtu mwenye mshahara wa mwezi akikopa sukari na chumvi dukani, mwenye duka hutazama kalenda. Ajua tarehe ya malipo, naye ataka tu kuhakikisha ya kuwa mdeni wake hatapita njia ya nyuma siku hiyo. Deni la namna hiyo lina ukuta pande mbili. Lakini deni la mtafuta madini halina ukuta wa mbele. Kila juma hula unga, hula mafuta ya gari, na ada za vipande vya ardhi alivyoviwekea alama, na ujira wa watu wanaochimba mashimo ya kupimia. Na kila shimo likitoka tupu, deni limeongezeka bila tumaini kuongezeka. Williamson aliishi hivyo miaka mingi. Alinunua kwa mkopo katika maduka ya Wahindi, homa ya malaria ilimwangusha mara kwa mara, na katika miji ya kando ya ziwa jina lake lilianza kuwa jina la mtu ambaye ni afadhali kumkwepa.

Wanawake wa Kisukuma wangaliweza kumfundisha jambo juu ya kuufikia mwisho wa msimu. Viazi vitamu vikiwa tele huvikata vipande na kuvianika juani, navyo huitwa michembe. Vingine huvichemsha kwanza ndipo huvianika, navyo ni matobolwa. Chakula hicho huwekwa kwa miezi ya njaa, wakati ghala ya mtama imekwisha na mahindi mapya hayajawa tayari. Wala mama mwenye busara hafungui chungu cha michembe katika mwezi wa mavuno kwa sababu watoto wamemsumbua. Almasi za Mabuki zilikuwa michembe ya Williamson. Hakuzitumia kujenga nyumba nzuri, wala kurudi Kanada kupumzika. Alizila kidogo kidogo, na kilichobaki alikitia katika mashimo ya kutafutia.

Lakini haifai tumsifu yeye peke yake. Kwa mizani ya dukani hawakusimama wanunuzi wote sawasawa. Tanganyika ya siku zile vibarua wengi walifanya kazi kwa kipande, yaani kadi yenye nafasi za siku 30. Siku aliyofanya kazi ilitiwa alama. Siku aliyougua haikutiwa. Mshahara ulitoka nafasi zote zilipojaa. Hivyo mwezi wa kibarua haukuwa mwezi wa kalenda: akishikwa na homa siku kumi, mwezi wake ulirefuka kwa siku kumi, na tumbo lake halikujua habari za alama. Huyo ndiye aliyehitaji mkopo kuliko wote. Naye ndiye aliyefungiwa mlango, kwani Serikali ilitunga sheria mwaka 1931 ya kuzuia mikopo kwa wenyeji. Mfanyabiashara asiye mwenyeji aliyemkopesha Mwafrika bila idhini ya maandishi hakuweza kumdai mahakamani. Waliotunga sheria walisema wamlinda mwenyeji asizame katika madeni. Huenda walikuwa na nia hiyo. Lakini mwenye duka asiyeweza kudai hakopeshi, au hukopesha kwa bei kali na kwa rehani. Kwa hiyo Mzungu aliyefilisika aliweza kupewa gunia la unga kwa neno lake, na mtu mweusi mwenye nafasi 25 zilizojaa katika kipande chake akarudi nyumbani mikono mitupu. Twayasema haya ili wasomaji, wakisikia ya kwamba Williamson alivumilia, wakumbuke pia ya kwamba alivumiliwa.

Aliyemvumilia kuliko wote alikuwa I. C. Chopra, mwanasheria Mhindi wa Mwanza. Yeye hakuwa mtu wa mawe, bali mtu wa hati na mashauri, aliyezoea kuona madeni ya watu yakiletwa mezani pake yamekwisha kuoza. Mtu wa kazi hiyo hakopeshi kwa huruma tu. Alimtazama Williamson, akamsaidia kwa fedha na kwa shauri la sheria, wakati wengine walipokuwa wakihesabu hasara zao. Watu husimulia juu ya Mwadui kana kwamba kulikuwa na mtu mmoja na mbuyu mmoja. Sisi twaona ya kuwa habari hiyo haiwezi kusimama bila Chopra.

Basi Williamson alizidi kufuata mawe mazito meusi ambayo huandamana na almasi, kama vile mchungaji afuatavyo nyayo za ng'ombe aliyepotea. Alichimba, akapepeta, akaosha mchanga, akahamia mbele. Na mwezi wa Machi 1940, miezi michache baada ya vita kuu ya pili kuanza Ulaya, akaufikia mwamba wake pale Mwadui. Wako wasemao ya kuwa gari lake lilikwama matopeni, na magurudumu yakafukua jiwe la kwanza. Wako wasemao ya kuwa aliketi chini ya mbuyu, akaliona liking'aa penye miguu yake. Hadithi hizo hupendeza jioni, lakini hatuzipendi sana, kwa maana zaifuta kazi ya miaka yote ya mashimo matupu. Mtu aliyekwama matopeni bila kuijua elimu ya mawe angalisukuma gari lake na kwenda zake.

Mwamba ulipopimwa ulionekana kuwa na upana wa yapata hekta 146 juu ya ardhi, mmoja katika mikubwa kabisa ya namna hiyo duniani. Mtu angedhani ya kuwa shida zimekwisha siku hiyo. Kumbe kuona almasi si kuwa na fedha. Mwenye shimo jipya ahitaji mashine za kusaga na kuosha, na wakati wa vita mashine zilikuwa adimu, kwa kuwa chuma kilikwenda kwenye bunduki na merikebu. Kampuni kubwa zingalimpa fedha kwa furaha, nazo zingalikuwa wenye mgodi kabla ya mwaka kupita. Williamson alikataa njia hiyo. Alianza na vyombo vya kuungaunga, akauza alichopata, na kwa mauzo hayo akanunua chombo kilicho bora kidogo. Tena akauza, tena akanunua. Vita ilimsaidia kwa upande mwingine, maana viwanda vilivyotengeneza silaha vilihitaji almasi za kukatia chuma. Hivyo mgodi ulijijenga kwa jasho lake wenyewe.

Na Chopra je? Deni lake halikuishia katika risiti. Kampuni ya Williamson Diamonds Limited ilipokuwapo, Chopra alipata hisa, akawa mwenye fungu katika mgodi. Twaona hilo kuwa jambo la haki. Aliyekopesha wakati wa mashimo matupu alichukua hatari moja na mchimbaji, na mtu hawezi kulipa hatari kwa kurudisha shilingi zile zile na kusema asante.

Miaka iliyofuata twaweza kuipita upesi. Mwadui ikawa mji wenye ua, wenye nyumba za wafanya kazi, shule, hospitali, maduka na uwanja wa ndege. Vibarua waliotoka vijiji vya Usukuma, na wengine kutoka mbali, wakajua mshahara wenye tarehe. Williamson mwenyewe hakuoa, akakaa pale pale karibu na shimo lake. Kwa muda alibishana na wanunuzi wa London juu ya bei, akazishika almasi zake asiziuze, mpaka wakapatana. Jambo hilo liliwashangaza watu wa biashara, lakini ni lipi la kushangaza? Mtu aliyekwisha kukaa miaka bila malipo haogopi kungoja miezi michache.

Mwaka 1947 ilipatikana Mwadui almasi ya rangi ya waridi, uzito wake karati 54.5. Ni rangi iliyo adimu sana. Williamson hakuiuza, aliitoa zawadi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyeolewa mwezi wa Novemba mwaka ule. Ilikatwa London mwaka uliofuata, ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 ikatiwa katikati ya pambo lenye umbo la ua. Elizabeth, aliyekuwa malkia tangu 1952 hata alipofariki mwaka 2022, alilivaa mara nyingi. Ndugu yake Margaret alifika Mwadui mwenyewe mwaka 1956, akaonyeshwa mgodi.

Wakati huo mwenye mgodi alikuwa mgonjwa tayari. Saratani ya koo ilimshika, na mwezi wa Januari 1958 akafariki huko Mwadui, mwezi mmoja tu kabla ya kutimiza miaka 51. Warithi wake walikuwa ndugu zake wa Kanada, watu ambao hawakuwa wameishi katika kambi ya Mabuki wala kusimama mbele ya mizani kungojea unga wa mkopo. Hisa zikauzwa, na katika mwaka ule ule wa 1958 mgodi ukagawanywa nusu kwa nusu: nusu ya De Beers, nusu ya Serikali ya Tanganyika. Miongoni mwa hisa hizo lilikuwamo fungu la mwanasheria wa Mwanza, lililotokana na fedha alizotoa siku ambazo hakuna aliyekuwa ameona jiwe lo lote pale Mwadui.