Michael Faraday, mtoto wa mhunzi aliyefungua njia ya breki zinazozalisha umeme

Gari la haibridi lina injini ya petroli na mota ya umeme. Dereva akitoa mguu kwenye mafuta mteremkoni, gari hupunguza mwendo na betri huanza kupokea umeme. Kwa wasikilizaji wetu wa Maruku na maeneo mengine ya Bukoba na Muleba, ambako barabara hupanda na kushuka vilima, ni jambo la kulijua vizuri. Leo tunaeleza maisha ya mtu aliyeweka msingi wake, Michael Faraday.

Faraday alizaliwa London, Uingereza, tarehe 22 Septemba 1791. Baba yake alikuwa mhunzi mwenye afya dhaifu, na familia iliishi kwa shida. Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo tu. Mwaka 1805, akiwa na miaka 14, alipelekwa kwa fundi wa kujalidi vitabu ajifunze kazi kwa miaka 7. Vitabu vilivyoletwa kutengenezwa, yeye alivisoma. Humo alikuta habari za umeme, akaanza majaribio yake mwenyewe kwa vifaa vya bei ndogo.

Mwaka 1812 mteja mmoja alimpa tiketi za kumsikiliza mwanasayansi maarufu, Humphry Davy. Faraday aliandika aliyoyasikia, akayajalidi yakawa kitabu, akampelekea Davy pamoja na ombi la kazi. Machi 1813 aliajiriwa kuwa msaidizi wa maabara katika Taasisi ya Kifalme ya London, na huko alifanya kazi karibu maisha yake yote.

Mwaka 1821 aliweza kuufanya waya wenye umeme uzunguke sumaku. Huo ndio mwanzo wa mota. Miaka 10 baadaye, mwaka 1831, aligeuza jambo hilo: aliposogeza sumaku ndani ya waya uliosokotwa, umeme ulitokea. Huo ndio mwanzo wa jenereta.

Maana yake ni kwamba mota ikipewa umeme inazunguka, na ikizungushwa inatoa umeme. Lakini umeme huo haupatikani bure. Aliyewahi kuendesha baiskeli yenye dainamo anajua: ukiigusisha kwenye tairi taa inawaka, na pedeli zinakuwa nzito. Uzito huo ndio breki ya haibridi. Magurudumu yanaizungusha mota, mota inatoa umeme, na gari linapungua mwendo.

Kwa hiyo, dereva wa haibridi, usiteremke mlima ukiwa umeweka gia kwenye N kwa nia ya kubana mafuta. Kwenye N betri haichajiwi na mota haisaidii kulizuia gari. Mzigo wote unabaki kwa breki za kawaida, ambazo zikipata moto sana hushindwa kushika. Baki kwenye D, toa mguu kwenye mafuta mapema, kisha kanyaga breki polepole. Ukikanyaga taratibu, mota hupata nafasi ya kukusanya umeme. Ukikanyaga ghafla, nguvu nyingi hupotea kama joto.

Haibridi nyingi za Toyota zina pia alama ya B. Hiyo ni ya mteremko mrefu na mkali. Betri ikijaa haiwezi kupokea umeme zaidi, na hapo B huitumia injini kulizuia gari. Ukifika tambarare rudi D, maana kuendelea na B hupoteza mafuta. Na breki za kawaida bado zinahitaji kukaguliwa na fundi, kwa sababu ndizo zinazosimamisha gari wakati wa dharura.

Faraday hakuyaona magari haya. Alifariki tarehe 25 Agosti 1867, na haibridi ya kwanza kutengenezwa kwa wingi, Toyota Prius, ilianza kuuzwa Japani mwaka 1997. Alikataa kupewa cheo cha heshima cha Uingereza, akabaki na jina lake la kawaida. Alipenda kuwafundisha watu wa kawaida, na mihadhara ya Krismasi kwa vijana aliyoianzisha inaendelea mpaka leo. Sisi tunaona hilo ni funzo kwa kijana yeyote aliyekatishwa shule na umaskini: Faraday alianza na vitabu vya wateja.