Mtaji wa Allidina Visram

Kila tukikaa kuongelea kujiajiri hapa chuoni, mazungumzo yanaishia palepale: mtaji. Bumu likitoka linaliwa na chakula na fotokopi, benki wanataka dhamana, na nyumbani wadogo zetu bado wanasomeshwa. Mimi mwenyewe nimelia hivyo mara nyingi. Ndiyo maana maisha ya Allidina Visram yamenikaa kichwani.

Alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, Kutch, huko India. Mwaka 1863, akiwa na miaka 12 tu, alivuka bahari akaja pwani yetu. Hakuwa na mali wala shule ya maana. Bagamoyo akaingia kwenye kazi za Sewa Haji Paroo, tajiri wa misafara ya bara. Nguo, shanga na waya zilikwenda bara. Pembe za ndovu, ngozi na nta zikarudi pwani. Katikati ilipita miezi mingi. Biashara ya namna hiyo huendeshwa kwa mali kauli: chukua mzigo, kauze, urudi na hesabu. Asiyeaminika hapewi mara ya pili.

Sewa Haji alifariki mwaka 1897. Wakati huo reli ya Mombasa ilikuwa imeanza kujengwa, na Allidina akaifuata, akifungua maduka njiani na kuwauzia wafanyakazi wake chakula. Mwaka 1898 alishafungua duka Kampala. Reli yenyewe ilifika ziwani, Kisumu, mwaka 1901. Kwa hiyo alilitangulia treni. Baadaye akaingia kwenye pamba na viwanda vya kuichambua, akaajiri mamia ya watu. Uganda ilipokuwa haina benki, hata maofisa wa serikali walipitishia fedha kwenye maduka yake. Fikiria: mtoto aliyekuja mikono mitupu, sasa serikali inamkabidhi hela zake!

Lakini tusimfanye malaika. Pembe zile zilibebwa mabegani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Wapo waliofia njiani, na majina yao hayako kwenye jengo lolote. Utajiri wa misafara ulisimama juu ya migongo yao.

Allidina alitoa sana kwa shule, hospitali na nyumba za ibada. Alifariki mwaka 1916, na himaya yake ya maduka haikudumu. Kilichobaki ni shule aliyoijenga mwanawe Mombasa kwa kumbukumbu yake, iliyofunguliwa mwaka 1923. Ipo mpaka leo. Kumbe aliyeanza kazi akiwa na miaka 12 ndiye jina lake linasomwa getini na watoto wanaokwenda darasani.

Sasa nikiri. Mwaka wa kwanza nilichukua viatu vya mtumba kwa mama mmoja, mali kauli, nikaviuza vyote hapa hosteli, hela nikaila. Akipiga simu nilikuwa naiacha inaita. Halafu jioni nakaa na wenzangu nalalamika kwamba sina mtaji. Mtaji niliupewa, tena bila dhamana, niliuvunja mwenyewe.

Wiki iliyopita nimempelekea nusu ya deni. Hakunipa viatu vingine, na sikuthubutu kuomba. Nikimaliza nusu iliyobaki, nitajaribu.