Mkungu wa Msibani na Kahawa ya Butura



Hapa kwetu Kagoma, mtu akifariki alfajiri, padri anapofika mchana anakuta kazi kubwa imekwisha. Mikungu ya ndizi imeletwa, kuni zimepasuliwa, maharage yako jikoni, na karani wa bujuni ameketi na daftari lake akiandika nani ameleta nini. Katika kijiji hicho hicho, mwezi ambao ada za shule zinadaiwa na kahawa bado changa mtini, jirani yule yule aliyepasua kuni ataingia jioni kwa mwenye shida na kununua butura. Atalipa fedha kidogo leo, na msimu ukifika atachukua kahawa yote ya mwenzake. Dominika inayofuata, mnunuzi na muuzaji wanapanga mstari mmoja kwenda kukomunika.

Basi binadamu ni yupi? Ni yule aliyeleta mkungu, au ni yule aliyenunua butura? Wanauchumi wamebishana juu ya swali hili kwa zaidi ya miaka mia mbili, kwa sababu namna unavyomwona mtu ndivyo utakavyopanga soko, shamba na serikali. Katika nchi yetu yupo mtu aliyelijibu kwa maandishi, kwa sheria na kwa maisha yake mwenyewe. Ni Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Leo naomba tuyatazame maisha yake kwa jicho hilo moja.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki na mama Mugaya, mke wa tano kati ya wake ishirini na wawili. Alikulia katika boma ambamo watoto wa mama mbalimbali walikula pamoja na mgeni hakuulizwa ana shilingi ngapi. Alianza shule akiwa na miaka kumi na miwili, Mwisenge, Musoma, akaendelea Tabora na Makerere. Alibatizwa Nyegina tarehe 23 Desemba 1943, akiwa mtu mzima aliyechagua mwenyewe.

Mwaka 1949 alikwenda Edinburgh, Uskoti. Huko alisoma, pamoja na masomo mengine, historia, falsafa ya maadili na uchumi, akahitimu mwaka 1952. Katika mji huo huo amezikwa Adam Smith, aliyefariki mwaka 1790, ambaye wengi humwita baba wa elimu ya uchumi. Katika kitabu chake cha mwaka 1776, Smith alieleza kwamba chakula hufika mezani petu kwa sababu kila muuzaji anatafuta faida yake. Walimu wengi wa uchumi waliomfuata walishika hilo tu, wakamchora binadamu kama kiumbe cha kujihesabia. Walisahau kwamba Smith huyo huyo, katika kitabu cha mwaka 1759, alianza kwa kusema kuwa hata mtu mwenye ubinafsi ana kitu ndani yake kinachomfanya ajali hali ya wenzake. Baadaye Karl Marx alikuja na jibu lingine, kwamba mazingira ya umiliki ndiyo yanayomjenga mtu. Badili umiliki, na mtu atabadilika.

Mwalimu alirudi nyumbani na jibu la tatu. Mwaka 1962, katika andiko lake maarufu juu ya ujamaa, alisema kwamba ujamaa ni hali ya moyo na fikra kabla ya kuwa mpango wa serikali. Aliamini kwamba Mwafrika wa jadi aliishi kwa kugawana na kwa kufanya kazi. Mgeni alikula siku mbili, na siku ya tatu akapewa jembe. Kwake, ubinafsi wa kujilimbikizia mali ulikuwa somo tulilofundishwa na wakoloni. Kama tulifundishwa, basi tunaweza kuusahau. Kilichobaki ni kuipanua familia mpaka iwe taifa zima.

Hakuwa kipofu. Mwaka 1967, alipoandika juu ya ujamaa vijijini, alikiri kwamba jamii ile ya jadi ilikuwa na kasoro mbili. Wanawake walibebeshwa kazi kuliko haki yao, na watu wote waliishi katika umaskini. Aliwafahamu pia viongozi wenzake. Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, naye akahisi harufu ya tamaa nchi nzima, alianza kwa kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, tarehe 5 Februari 1967, likaja Azimio la Arusha. Kiongozi alikatazwa kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili, au kupangisha nyumba. Tazama jambo hili, ndugu msomaji: mtu aliyeamini wema wa binadamu alimwekea kiongozi uzio kana kwamba amemwona usiku akiruka ukuta.

Sisi wa Bukoba na Muleba tuna sababu yetu ya kumkumbuka. Mababu wengi walilima ardhi ya nyarubanja, wakiwa watwarwa wanaomlipa mwenye ardhi kwa kibanja ambacho jasho lao wenyewe lilikistawisha. Sheria ya mwaka 1965 iliwafungulia njia ya kukimiliki. Seminarini Ntungamo tulifundishwa hoja ya Mtakatifu Thomas wa Akwino, kwamba mtu hutunza vizuri zaidi kilicho chake, lakini inapofika kwenye matumizi, lazima awe tayari kumpa mwenye shida. Kila nipitapo katikati ya migomba ya watu hawa naiona hoja hiyo imesimama ardhini.

Kisha ukaja mtihani. Mwanzoni Mwalimu alisisitiza kwamba hakuna mtu anayeweza kulazimishwa kuwa mjamaa. Ilikuwa kweli, na alipaswa kubaki hapo. Lakini watu walikwenda polepole, na Novemba 1973 kuishi kijijini kukawa amri. Mamilioni walihamishwa katika miaka michache, na mahali pengine nyumba zilichomwa ili watu wasirudi. Huku kwetu, ambako migomba na kahawa havihamishiki, vijiji vingi viliandikishwa pale pale vilipokuwa. Pigo letu lilikuwa lingine. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchi nzima, pamoja na chama chetu cha Bukoba kilichoanzishwa mwaka 1950. Ushirika ambao wakulima walijijengea wenyewe uliondolewa, na mahali pake ikaja mamlaka ambayo hawakuichagua. Yaani serikali iliyohubiri ushirikiano ilivunja ushirikiano uliokuwa hai.

Hapa ndipo ninapofungua Matendo ya Mitume. Tunapenda kusoma habari za waamini wa kwanza waliokuwa na vitu vyote shirika. Tunasahau sura inayofuata, ya Anania na Safira, waliouza shamba na kuficha sehemu ya fedha. Petro hakumlaumu Anania kwa kubakiza fedha. Alimkumbusha kwamba shamba lilikuwa lake, na hata baada ya kuliuza fedha zilikuwa katika uwezo wake. Kosa lilikuwa uongo. Mitume waligawana mali bila kumlazimisha mtu, kwa sababu kutoa kwa kulazimishwa kunaweza kuijaza ghala, lakini hakuugeuzi moyo. Katika jumuiya ile takatifu kabisa, iliyojaa Roho Mtakatifu, bado alikuwamo Anania.

Imani yetu inafundisha mambo mawili kwa pamoja, na kosa la wataalamu wengi ni kushika moja. Mtu ameumbwa kwa sura ya Mungu, kwa hiyo ana uwezo wa kweli wa kutoa. Mtu amejeruhiwa na dhambi ya asili, kwa hiyo ana uwezo wa kweli wa kunyang'anya. Ubinafsi haukuletwa na meli ya mkoloni peke yake. Kaini hakuwa na mwalimu wa Kizungu. Lakini pia si kweli kwamba ubinafsi ndio mtu mzima. Anayemjengea binadamu nyumba kana kwamba ni malaika atamwumiza, na anayemjengea kana kwamba ni fisi atamwumiza vilevile.

Nadhani Mwalimu aliliona hili mwishoni. Alikiri hadharani kwamba kuvunja ushirika lilikuwa kosa, na sheria ya mwaka 1982 iliurudisha. Mwaka 1985 aling'atuka kwa hiari yake, akarudi Butiama kulima, akaendelea kusali Misa kama alivyozoea na kuandika Injili kwa mashairi ya Kiswahili. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilianza mchakato wa kumtangaza mwenye heri, naye sasa huitwa Mtumishi wa Mungu. Kanisa litaamua kwa wakati wake. Mimi naona tayari jambo moja la kuiga: mtu mwenye madaraka yote aliweza kusema nilikosa. Hilo tunalijua sisi Wakatoliki jinsi lilivyo gumu, maana tunalifanya gizani, masikioni mwa padri mmoja.

Nami nina la kusema. Ada yangu ya mwaka wa pili seminarini ililipwa kwa kahawa ya butura. Baba yangu, marehemu, aliinunua kwa jirani ambaye mtoto wake alikuwa mgonjwa. Baba alikuwa mtu mwema. Alipeleka mkungu kwenye kila msiba. Sikuuliza fedha zilitoka wapi. Nilikwenda kusomea upadri kwa mavuno ya mtu mwingine, na jirani yule alikuja kwenye Misa yangu ya kwanza, akanipa jogoo.

Tumtazame tena karani wa bujuni. Daftari lake linajua asili ya binadamu kuliko vitabu vingi. Linaamini kwamba tutaleta, ndiyo maana kila mmoja amejiunga kwa hiari. Linajua pia kwamba tutatega, ndiyo maana majina yanaandikwa na asiyefika anatozwa faini. Hiari na utaratibu vinakaa katika ukurasa mmoja.

Kwa nini basi daftari hilo lifunguliwe kwa ajili ya wafu tu? Kila Jumuiya Ndogo Ndogo inaweza kuwa na mfuko wa ada na matibabu, wenye kanuni zilizokubaliwa na wote na mtunza hazina anayekaguliwa, ili mwezi ule mgumu mwenye shida apate pa kukopa kabla butura haijabisha hodi. Na wewe uliyekwisha kununua kahawa ya mwenzako mwaka huu, unajua thamani yake halisi. Kabla ya Dominika ijayo, mrudishie tofauti. Mimi nimeanza kumtafuta mtoto wa yule jirani.