Albert Trott Baada ya Makofi

Katika uwanja wa Lord's, London, kuna jengo refu la wanachama ambalo kila mpigaji mwenye nguvu amelitazama kwa tamaa. Hadi leo ni mtu mmoja tu aliyepata kuurusha mpira ukapita juu ya paa lake katika mechi kubwa. Naye ni Albert Trott, tarehe 31 Julai 1899, na mpira ule alitupiwa na Mwaustralia mwenzake, Monty Noble. Jambo hilo hutajwa mara kwa mara. Miaka 15 iliyofuata hutajwa kwa haraka, na kwa maoni yetu humo ndimo lilimo lililo zito zaidi.

Trott alizaliwa Melbourne tarehe 6 Februari 1873. Januari 1895, mjini Adelaide, aliingia kwa mara ya kwanza katika timu ya Australia iliyopambana na Uingereza. Alipiga mikimbio 38, kisha 72, wala hakutolewa katika zamu yoyote. Halafu akawatoa Waingereza wanane kwa kuwapa mikimbio 43 tu. Ni vijana wachache mno walioanza kwa kishindo namna hiyo. Hata hivyo, timu ya kwenda Uingereza mwaka 1896 ilipotangazwa, jina lake halikuwamo. Nahodha wa timu hiyo alikuwa Harry Trott, kaka yake wa tumbo moja.

Albert akafunga safari kwenda Uingereza kwa shauri lake mwenyewe. Aliajiriwa pale Lord's, akangoja muda wa ukaazi utimie kama kanuni zilivyotaka, na mwaka 1898 akaanza kuichezea Middlesex. Msimu wa 1899, na tena wa 1900, alipata zaidi ya mikimbio 1,000 na wiketi zaidi ya 200. Huko Afrika Kusini alivaa hata kofia ya Uingereza katika mechi mbili za mwaka 1899. Kwa hiyo aliyazichezea mataifa mawili, lakini ni vigumu kusema ni lipi kati ya hayo lililomhesabu kuwa mtoto wake. Australia ilimwacha nyuma. Uingereza ilimpokea kama mtu wa kazi.

Hapo hatuna budi kueleza maana ya mtu wa kazi. Kriketi ya Kiingereza ya siku zile iliwagawa wachezaji mafungu mawili. Wa ridhaa walikuwa mabwana wenye mali, na wa kulipwa walikuwa vibarua wa msimu. Walibadilisha nguo katika vyumba tofauti, na hata kuingia uwanjani walipita milango tofauti. Majira ya baridi hayakuwa na mshahara wa kutegemewa, na pensheni haikuwapo. Akiba ya uzeeni ilikuwa ni mechi moja ya kumchangia mchezaji, ambayo mapato ya mlangoni alipewa yeye.

Mechi ya Trott ilichezwa Mei 1907 dhidi ya Somerset. Siku ya tatu, Somerset walihitaji mikimbio 264 ili washinde. Trott akawatoa wapigaji wanne kwa mipira minne mfululizo, na katika zamu hiyo hiyo akawatoa watatu wengine kwa mipira mitatu mfululizo. Somerset wote wakatoka kwa mikimbio 97. Mchezo ukaisha mapema, watazamaji ambao wangelipa baadaye siku ile hawakuja, na mfuko wake ukabaki mwepesi. Yaani siku ya ufundi wake mkubwa kuliko zote ndiyo iliyompunguzia riziki ya uzeeni.

Wakati huo mwili ulikuwa umekwisha kuanza kumsaliti. Kwa muda mrefu alikuwa akitafuta kuupitisha mpira juu ya jengo lile tena, hata akaupoteza upigaji wa busara. Alipendwa sana na watazamaji, nao walimnunulia pombe bila hesabu. Upendo wa namna hiyo humdhuru anayependwa. Mwaka 1910 aliacha kucheza. Kwa misimu michache akawa mwamuzi, akisimama katika uwanja ule ule akiwahesabia wengine mipira. Kisha afya ikamzuia hata hilo.

Kaka yake naye alikwisha kuonja giza la akili. Harry aliugua mwaka 1898, na mwaka uliofuata akalazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kew, Melbourne, zaidi ya siku 400. Lakini Harry alikuwa mpeleka barua. Alipotoka alirudi kwenye posta na kwenye kriketi ya nyumbani kwao, katikati ya watu waliomjua kabla hajawa nahodha, akaishi hadi 1917. Hatuwezi kudai kwamba kazi ya barua ndiyo iliyomponya. Twasema tu kwamba alikuwa na mahali pa kurudi, na mdogo wake hakuwa napo.

Albert aliishi peke yake katika chumba cha kupanga kaskazini-magharibi ya London, akisumbuliwa na ugonjwa wa kuvimba mwili. Alilazwa hospitali, akachoka kukaa, akatoka kwa hiari yake. Tarehe 30 Julai 1914, akiwa na umri wa miaka 41, alijitoa uhai. Wosia wake aliuandika nyuma ya karatasi ya dobi, akimwachia mama mwenye nyumba nguo zake. Fedha iliyokutwa chumbani ilikuwa pauni 4. Siku tano baadaye Uingereza iliingia katika Vita Kuu.

Alizikwa Willesden. Kaburi lilikaa miaka 80 bila jiwe la jina, hata Middlesex ilipoliweka mwaka 1994.