Jeevanjee na Bustani Aliyowaachia Umma

Yako majina machache ya enzi ya ukoloni yaliyonusurika katika kitovu cha jiji la Nairobi. Barabara iliyoitwa Government Road sasa ni Moi Avenue. Mtaa wa Bazaar umekuwa Biashara Street, tafsiri ambayo mimi, nikiwa mwanaisimu, huisifu kwa sababu haikupoteza maana ya neno la kwanza. Jeevanjee amebaki Jeevanjee. Vijana wetu hulitamka Jivanji, kila silabi ikiishia kwa irabu kama ipasavyo katika Kiswahili, na wengi hawajui kwamba ni jina la mtu. Niliwahi kuwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa pili zoezi la kukusanya majina ya mahali jijini na kueleza asili yake. Mmoja wao aliandika, bila wasiwasi wowote, kwamba Jeevanjee ni neno la Kihindi lenye maana ya bustani.

Sikumlaumu. Hakuna aliyemfundisha. Wala sidhani kwamba wale wanaopanga kila mara kulifufua jiji letu, kwa michoro yenye miti ya kupendeza na watu wasio na mizigo mikononi, wanamfahamu mtu huyu zaidi ya mwanafunzi wangu. Nami naamini ya kuwa maisha ya Jeevanjee yanatufunza jambo ambalo michoro hiyo haina, nalo ni maana ya mali kuwa ya umma.

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa mwaka 1856 mjini Karachi, ambao siku hizo ulikuwa sehemu ya Bara Hindi lililotawaliwa na Waingereza na leo umo nchini Pakistan. Jamii yake ilikuwa ya Wabohora, Waislamu wa madhehebu ya Shia ambao wengi wao walikuwa wafanyabiashara. Hakukaa sana shuleni. Alianza maisha akiwa mchuuzi wa kutembeza bidhaa, akazunguka miji ya kwao, akafika hata Australia na kufanya biashara huko. Mwaka 1890 alitia nanga Mombasa. Hapo alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne hivi, akiwa na kampuni, ujuzi wa kupatana bei, na macho ya kuona mahali fedha zilipokuwa zikielekea.

Fedha zilikuwa zikielekea bara. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwaka 1901. Kampuni ya Jeevanjee ilipata kandarasi za kuleta wafanyakazi na mafundi kutoka Bara Hindi, kuwalisha, kupasua miamba, kuchonga mawe na kujenga nyumba za vituo. Hapa sitaki kumpamba mtu. Wafanyakazi zaidi ya 31,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa ajili ya reli ile, na karibu 2,500 kati yao wakafia njiani, kwa maradhi, ajali na wanyama wa mwituni. Utajiri wa wakandarasi wa reli ulikuwa na jasho la watu hawa ndani yake, na Jeevanjee alikuwa mkubwa miongoni mwa wakandarasi hao.

Nairobi yenyewe haikuwa mji. Ilikuwa uwanda wa majimaji ambao wahandisi wa reli waliuchagua kwa sababu treni ilihitaji mahali pa kupumzika kabla ya kupanda milima. Mji uliota pale wenyewe, kama magugu. Wafanyabiashara wa Kihindi walijenga vibanda vya mabati na mbao vikaitwa bazari, pasipo mifereji wala maji safi, na mwaka 1902, tauni ilipozuka, wakuu wa serikali wakaamuru bazari iteketezwe kwa moto. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya kwanza ya kuliboresha jiji letu: kuchoma. Ningependa walimu wa historia waitaje darasani, kwa maana mpaka leo kila anayetaka kusafisha mtaa hufikiri kwanza kuwaondoa watu waliomo.

Jeevanjee alikuja na mawe. Kampuni yake ilijenga nyingi katika nyumba za kwanza za serikali mjini, na mwaka 1904 akajenga soko la kwanza la mji, ambalo lilijulikana kwa jina lake mpaka lilipopisha Soko la Jiji katika miaka ya 1930. Alijenga kwa faida, wala hakuficha. Lakini mwaka 1906 alifanya jambo lisilo na faida. Alitenga kiwanja katika sehemu ambayo thamani yake ilikuwa ikipanda kila mwezi, akakipanda miti na maua, akasimamisha sanamu ya Malkia Victoria, kisha akakitoa kiwe mahali pa watu wote kupumzika. Sanamu ilizinduliwa na mwana wa Malkia mwenyewe, Mtawala wa Connaught, aliyekuwa ziarani.

Msomaji anaweza kusema kwamba sanamu ile ilikuwa ya kujipendekeza. Nakubali. Mfanyabiashara aliyetegemea kandarasi za serikali hakukosa sababu ya kumwinamia Malkia. Ila sanamu na kiwanja ni vitu viwili, na muda umeshavitenganisha. Mwaka 2015 watu wasiojulikana waliikata kichwa sanamu hiyo. Kiwanja kipo.

Mambo yaliyofuata katika maisha yake yanaonyesha kwamba kuinama hakukumsaidia. Mwanzoni mwa karne ya ishirini alikuwa ameanzisha gazeti mjini Mombasa, African Standard. Mwaka 1905 aliliuza. Likageuka East African Standard, likahamia Nairobi, likawa sauti ya walowezi, wale wale waliotaka Wahindi wanyimwe ardhi katika nyanda za juu na watengwe mijini. Gazeti hilo ndilo asili ya The Standard tunalolisoma leo. Sijui kama kuna kisa chenye uchungu zaidi katika historia ya uandishi wa habari nchini: mtu kutukanwa na gazeti alilolizaa.

Mwaka 1909 aliteuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, akiwa wa kwanza asiyekuwa Mzungu kuketi humo. Hakupewa sikio. Mwaka uliofuata alikwenda London kulalamika, na mwaka 1914 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha kupigania haki za Wahindi wa Afrika Mashariki. Wakati huo huo, mtaalamu wa afya aitwaye Simpson alikuwa ameandika ripoti ya mwaka 1913 akipendekeza mbari zitengwe katika miji, kila moja na mtaa wake. Yaani tauni iliyotokana na ukosefu wa mifereji ikatafutiwa dawa katika rangi za watu. Ramani ya Nairobi haijapona dawa hiyo.

Wala Jeevanjee mwenyewe hakuona kila kitu. Alipozungumza kuhusu haki alikuwa akiwawazia Wahindi, na kuna wakati alitaka sehemu hii ya Afrika iunganishwe na himaya ya Bara Hindi, kana kwamba wenyeji wake hawakuwako. Mwanafunzi anayeandika insha juu yake asiifute sehemu hiyo. Mtu anaweza kudhulumiwa akapigana kiume, na bado asimwone jirani yake anayedhulumiwa zaidi.

Alifariki dunia mjini Nairobi mwaka 1936, sehemu kubwa ya mali yake ikiwa imekwisha. Soko lake lilitoweka. Ardhi zake zilikwenda kwa wengine. Kati ya vyote alivyovijenga katikati ya mji, kile alichokitoa ndicho kilichobaki na jina lake.

Kilibaki kwa taabu. Mwaka 1991 ulitokea mpango wa kuigeuza bustani kuwa maegesho ya magari na maduka. Miaka miwili tu kabla yake, mwaka 1989, Profesa Wangari Maathai alikuwa ameupinga mpango wa kujenga jengo la ghorofa sitini katika Bustani ya Uhuru, akatukanwa hadharani, na hatimaye jengo halikujengwa. Safari hii waliosimama walikuwa pamoja na watu wa ukoo wa Jeevanjee, akiwamo mjukuu wake Zarina Patel. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: kitu hiki kilitolewa kwa umma, na serikali ni mtunzaji wake tu. Wananchi wakaidhinisha hoja hiyo, mpango ukafa. Mwaka 1997 Zarina Patel alitoa kitabu cha maisha ya babu yake, na sehemu kubwa ya tunayoyajua juu ya mzee huyo tunayajua kwa sababu ya kazi hiyo.

Sasa nitazungumza kidogo kuhusu neno. Umma tumelipata kutoka Kiarabu, na maana yake ni jumuiya ya watu wanaofungamana. Katika mazungumzo yetu ya kila siku limepungua. Mali ya umma imekuwa sawa na mali ya serikali, na mali ya serikali, kwa mwananchi aliyechoka, ni sawa na mali isiyo na mwenyewe. Kutoka hapo hadi kuinyakua si safari ndefu. Tume ya Ndung'u, iliyotoa ripoti yake mwaka 2004, ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria nchini kote.

Kuna mbinu moja ambayo ningetaka wasomaji waitambue wanapoiona. Jengo la umma huachwa kwanza. Paa huvuja, hakuna anayelitengeneza. Vyoo hufungwa. Taa huzimika, na baada ya taa kuzimika huja wezi, na baada ya wezi watu hujitenga. Ndipo hutokea mheshimiwa akasema kwamba mahali hapa ni aibu, pamekufa, na hapana budi apatikane tajiri wa kupaendeleza. Kumbe hapakufa. Paliuawa polepole.

Tembea kutoka bustani ya Jeevanjee hadi Soko la Jiji, chini ya yale matao makubwa ya saruji, kwa wauza maua, vinyago, nyama na samaki. Kisha pita karibu na Msikiti wa Jamia ufike Maktaba ya McMillan, yenye nguzo za mawe na simba wawili mlangoni. Ilifunguliwa mwaka 1931 kwa kumbukumbu ya mlowezi tajiri mzaliwa wa Marekani, na kwa muda mrefu Wazungu peke yao waliruhusiwa kusoma ndani yake. Mwaka 1962 ikawa chini ya baraza la jiji. Tuliurithi mlango wake, hatukurithi bajeti ya kuutunza. Miongo ikapita vitabu na magazeti ya zamani yakila vumbi. Mwaka 2018 shirika la Book Bunk liliungana na serikali ya kaunti ili kuifufua maktaba hiyo pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, na matawi hayo yakawa ya kwanza kukarabatiwa. Naona walianza vyema. Waliwauliza wanaozitumia maktaba wanachokihitaji, na waliwatangulia watoto wa mitaa ya mashariki kabla ya nguzo za katikati ya jiji.

Kwamba majengo ya kale yanaweza kutengenezwa si jambo la kubishaniwa. Afisi ya zamani ya mkuu wa mkoa, ya mwaka 1913, ilikuwa mahali pa kuandikishia vizazi, ndoa na vifo. Leo ni jumba la sanaa chini ya Makavazi ya Kitaifa. Kipande House, ambako babu zetu walipangwa foleni kupewa vipande vya kuning'iniza shingoni, ni ya benki, nayo inang'aa. Benki haiachi paa lake livuje. Swali ni kwa nini mwenye nyumba anapokuwa sisi sote, paa huvuja.

Jibu langu ni kwamba bustani ya Jeevanjee iliokolewa na watu waliojua ni nani aliyeitoa na aliitoa kwa nani. Kumbukumbu ilikuwa hati yao ya pili ya kumiliki. Soko na maktaba havina ukoo wa kwenda mahakamani, basi ukoo wake lazima uwe shule. Nasema haya kwa walimu wenzangu hasa. Kaunti ina wajibu wake: fedha za ukarabati zitajwe waziwazi katika bajeti ya kila mwaka, na wauzaji wa Soko la Jiji wawe na viti katika kamati inayoamua hatima ya soko, si kusomewa uamuzi. Lakini kaunti husahau haraka, na afisa hubadilishwa.

Kwa hiyo, mhula ujao, mwalimu wa Nairobi asingoje basi la kwenda Mombasa au Nakuru ili ziara iitwe ziara. Awapeleke wanafunzi bustanini saa saba mchana, wakati mabenchi yamejaa na wale wanaojiita Bunge la Mwananchi wako katikati ya mjadala. Kiswahili kitakachosikika hapo si cha vitabu vyetu, ila ni kipana na kina hoja. Kutoka hapo waende sokoni wawaulize wauzaji paa linavuja wapi, wamalizie maktabani. Si mwendo mrefu. Kila mwanafunzi arudi na ukurasa mmoja ulioandikwa: jengo lilijengwa lini, kwa ajili ya nani, nani alizuiwa kuingia, na kitu gani kinahitaji kutengenezwa leo. Kurasa hizo zisahihishwe, kisha nakala zipelekwe kwa diwani wa wadi.