Profesa aliyewatafutia wanafunzi wake kazi nyumbani

Kama una ndoto ya kuwa mhandisi, kuna jina moja unafaa kulijua: Frederick Terman. Wengi humwita baba wa Silicon Valley, kule California, Marekani.

Usidhani mambo yalimnyookea. Alizaliwa 1900, akasomea Stanford, chuo alichofundisha babake, kisha akapata shahada ya uzamifu ya uhandisi wa umeme MIT mwaka wa 1924. Aliporudi nyumbani, kifua kikuu kikamlaza kitandani karibu mwaka mzima. Alipopata nafuu, akaanza kufundisha Stanford.

Hapo akakutana na shida ambayo wewe pia waijua: vijana wanafuzu lakini kazi ziko mbali. Wahandisi wengi wa California walilazimika kuhamia mashariki mwa nchi, kwenye kampuni kubwa. Terman hakukaa kulalamika. Aliwapeleka wanafunzi kutembelea viwanda vidogo vya redio vya karibu, wajionee kwamba hata wao wanaweza kuanzisha chao.

Wawili kati yao walikuwa William Hewlett na David Packard. Packard alikuwa ameshaajiriwa na General Electric katika jimbo la New York. Terman akamtafutia ufadhili wa dola 500 arudi Stanford. Mwaka wa 1939 wawili hao wakafungua kampuni kwenye gereji mjini Palo Alto, mtaji dola 538. Kifaa chao cha kwanza, cha kupima mitambo ya sauti, kilitokana na utafiti wa Hewlett chuoni. Studio ya Walt Disney ikanunua vinane. Hiyo ndiyo HP unayoiona kwenye printa za saiba.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Terman aliongoza maabara ya Harvard iliyobuni mbinu za kuvuruga rada za adui. Alirudi Stanford kuwa mkuu wa kitivo cha uhandisi, na kuanzia 1951 chuo kikawakodishia wenye kampuni ardhi yake. Mwanafunzi sasa alikuwa jirani ya mwajiri.

Alifariki 1982. Leo Nairobi inajiita Silicon Savannah, jina lililotokana na bonde lile. Lakini jina pekee halimpi mtu kazi. Uko chuo? Mwonyeshe mhadhiri wako unachobuni, usingoje mtihani. Na wewe uliyefanikiwa, mshike mkono anayekufuata.